Kutoka Uani Hadi Kitandani: Mahali pa Mbwa katika Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Mtoto anayelelewa katika nyumba nyingi za Kenya hufunzwa mapema kwamba mbwa ana mahali pake. Usiku hufunguliwa alinde boma. Mchana hufungwa au hujilaza kivulini. Akithubutu kuingia jikoni hufukuzwa kwa kemeo moja. Hata hivyo, katika baadhi ya mitaa ya mijini yupo mbwa wa aina nyingine: huogeshwa, huchanjwa, hununuliwa chakula cha mfuko, na usiku uingiapo hupanda kitandani akalala miguuni pa mwenyewe. Wasikiao habari zake, baadhi yao hucheka, wengine huchukizwa, na aghalabu hukata kauli kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa kuifanya lugha kuwa shahidi. Hoja kuu ni kwamba suala la mbwa kulala kitandani si suala la Uzungu wala Uafrika, bali ni suala la mipaka. Kila jamii huchora mpaka kati ya mtu na mnyama, na Kiswahili kimeuhifadhi mpaka wake katika methali na hata katika sarufi. Mwanafunzi asiyeufahamu mpaka huo hukosea anapotafsiri, na huenda akakosea pia anapotoa ushauri unaohusu afya ya watu.

Mbwa katika Methali

Methali za Kiswahili zinamjua mbwa vyema. Kuna isemayo kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, inayomsifu kwa kutokata tamaa. Kuna isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, inayomwonyesha kuwa mwanafunzi wa bwana wake. Kuna pia inayokumbusha kwamba mfupa uliomshinda fisi mbwa hauwezi. Katika methali hizi mbwa yupo ufukoni, yupo mwituni na yupo penye mfupa. Hadharauliwi kila mara. Lakini popote anapotajwa, yupo nje.

Methali inayomwingiza ndani ni ile ya onyo: ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini. Methali hii husemwa kwa namna mbalimbali, na aghalabu hutumiwa kumwonya mtu anayemzoea aliye chini yake hadi heshima ikapotea. Ili maana hiyo ya ndani ipatikane, sharti msikilizaji akubali kwanza maana ya nje: kwamba kuna mahali ambapo mbwa hapaswi kufika, na kwamba hafiki hapo kwa kuruka ukuta, bali kwa kuzoeshwa hatua kwa hatua. Anayelaumiwa katika methali si mbwa. Ni binadamu aliyeuacha mlango wazi.

Tohara na Kizingiti

Mpaka huo una mizizi katika fikihi. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kuna pia imani mashuhuri, itokanayo na hadithi za Mtume, kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Katika mazingira ya namna hiyo, shuka aliyolalia mbwa mwenye majimaji si suala la usafi wa kawaida tu. Inagusa tohara, na tohara inagusa swala.

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba Uislamu unamchukia mbwa. Madhehebu ya Malik humhesabu mbwa hai kuwa tohara. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda wameruhusiwa, na katika Sura ya Al-Kahf mbwa anatajwa pamoja na vijana waliolala pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Picha hiyo inafaa kuzingatiwa: mbwa ni mwenzi wa waja wema, lakini amelala mlangoni. Hali kadhalika, nyumba ya mawe ya Waswahili imepangwa kutoka baraza hadi vyumba vya ndani, na kadiri mtu anavyoingia ndiyo siri na heshima zinavyozidi. Kitanda kiko mwisho wa safari hiyo.

Sarufi ya Mbwa Kitandani

Mpaka huu hujitokeza pia mwanafunzi anapotunga sentensi. Mtego wa kwanza umo katika kitenzi lala kinapofuatwa na neno na. Sentensi "Juma analala na mbwa wake" huweza kuzua kicheko au aibu darasani, kwa kuwa kulala na mtu ni tafsida ya kujamiiana. Mfasiri makini anazo njia tatu za kuukwepa mtego huo:

(a) Mbwa wa Juma hulala kitandani pake.
(b) Juma humlaza mbwa wake kitandani.
(c) Juma humruhusu mbwa wake kulala kitandani.

Sentensi hizi hazilingani kimaana. Katika (a) mbwa ndiye mtenda, na kimilikishi pake kinaacha utata: kitanda ni cha Juma au cha mbwa? Katika (b) kitenzi kimo katika kauli ya kutendesha. Laza ni kitenzi ambacho kwa kawaida hutumiwa kwa mtoto au mgonjwa, hivyo mbwa amepewa nafasi ya mtoto bila kutangazwa. Katika (c) mpaka unatambuliwa waziwazi, kwa maana haruhusiwi ila yule ambaye angeweza kukatazwa.

Mtego wa pili uko katika ngeli ya mahali. Huwa tunasikia uani kwake, mlangoni pake na chumbani mwake. Ku hueleza mahali pa jumla, pa hueleza mahali mahususi, na mu hueleza undani. Safari ya mbwa kutoka uani hadi chumbani ni safari ya kutoka ku kupitia pa hadi mu. Mwalimu anayetafuta mfano hai wa ngeli hii hana haja ya kwenda mbali.

Mtego wa tatu ni wa umilikishi. Nomino rafiki, ndugu na shangazi huchukua upatanisho wa A-WA katika kitenzi, lakini kimilikishi chake katika umoja ni yangu: rafiki yangu amelala. Mbwa huchukua wangu: mbwa wangu amelala. Kwa hivyo, sarufi sanifu humtenga mbwa na orodha ya jamaa na wandani. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mijini nchini Kenya husikika "mbwa yangu", lakini wasemaji hao hao husema pia "mtoto yangu". Huko ni kurahisisha upatanisho, wala si ushahidi kwamba mbwa amekuwa ndugu.

Mwisho ni suala la msamiati. Kitenzi cha kawaida ni fuga, ambacho hutumiwa kwa ng'ombe na kuku, na hata kwa ndevu na kucha. Hakitaji mapenzi. Istilahi mnyama kipenzi imejitokeza kuliziba pengo hilo, ilhali baadhi ya wenye mbwa wa kitandani husema wanamlea. Tofauti hii si ya mapambo tu. Tangazo linalowahimiza "wafugaji wa mbwa" kuwachanja wanyama wao huweza kumpita mtu anayeamini kuwa yeye hafugi, bali analea.

Je, Ni Uzungu?

Ushahidi wa kwanza dhidi ya dai la Uzungu unatoka kwa Wazungu wenyewe. Wana methali ya kale inayoonya kwamba alalaye na mbwa huamka na viroboto. Jamii iliyotunga onyo hilo nayo ilikuwa na kizingiti chake.

Ushahidi wa pili, ulio mzito zaidi, unatoka Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Huko mbwa wameishi kwa ukaribu mkubwa na watu: wakilala karibu na familia, wakiingia nyumbani na hata kuwalamba watoto wachanga kuwasafisha. Ukaribu huo haukuletwa na mgeni. Ulitokana na maisha ya ufugaji katika nchi kame ambamo maji ni haba na mbwa ni msaidizi.

Lakini ukaribu huo ulikuwa na gharama. Turkana ilijulikana ulimwenguni kwa kiwango kikubwa cha ugonjwa wa hidatidi, unaosababishwa na tegu mdogo aishiye katika utumbo wa mbwa. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula matumbo na maini ya mbuzi au kondoo walioambukizwa. Mayai hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya, na mtu huyameza bila kujua. Ndani ya mwili hugeuka kuwa vifuko vya maji, hasa kwenye ini na mapafu, ambavyo hukua polepole kwa miaka mingi hata kuhitaji upasuaji. Mnamo 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo kwa elimu, matibabu na kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Somo muhimu ni kwamba mnyororo wa ugonjwa unaweza kukatwa bila kuukata urafiki: matumbo ya mifugo huzikwa au huchomwa, mbwa hutibiwa, na mikono huoshwa.

Kichaa cha mbwa nacho hakina mzaha. Dalili zake zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Virusi vyake huenea kwa mate, kupitia kuumwa au kulambwa penye jeraha, machoni au mdomoni. Kenya ilijiwekea mkakati wa miaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa, nguzo yake ikiwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Aliyeumwa hupaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie chanjo.

Kuhusu usingizi wenyewe, utafiti wa Mayo Clinic uliochapishwa mwaka wa 2017 nchini Marekani ulichunguza watu wazima 40 wenye afya. Waliokuwa na mbwa chumbani walilala vyema kiasi. Ambao mbwa wao alipanda kitandani, ubora wa usingizi wao ulipungua kidogo. Matokeo hayo hayako mbali na picha ya mbwa wa kizingitini: karibu, lakini si juu ya shuka.

Hitimisho

Imebainika kwamba Kiswahili hakimdharau mbwa, kinampangia mahali. Methali humweka nje, fikihi humweka mlangoni, na sarufi humnyima kimilikishi cha jamaa. Imebainika pia kwamba mbwa wa kitandani si mgeni nchini Kenya, na kwamba hatari yake haitokani na Uzungu bali na minyoo, mate na chanjo iliyosahauliwa. Anayempandisha mbwa kitandani bila kumtibu amepuuza elimu. Anayemcheka jirani yake huku mbwa wa boma lake hajachanjwa naye amepuuza elimu iyo hiyo.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili ni kuitafutia hali hii mpya maneno yanayoeleweka na yasiyotusi, ili mwenye mbwa wa uani na mwenye mbwa wa kitandani wote wajue kwamba wanaambiwa wao. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kukihukumu kitanda cha mwenzake, mtu na aulize kwanza kilicho juu yake; na aliyekilalia na awe tayari kujibu.