Mtoto aliye tumboni hafukuzi mtu shule

Shangazi, mama yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa muuguzi, ingawa alianza ukubwani: aliingia chuo akiwa na miaka 41, akafanya kazi miaka 16 tu hadi alipostaafu. Sasa tunajengea kaburi. Wadogo zangu watano wanataka paandikwe "Muuguzi Mkunga" chini ya jina lake. Mimi nataka jina na tarehe, basi, maana nikilifikiria neno hilo naona tu alivyochelewa. Angeanza mapema angefika mbali sana. Ili tusigombane nimewaambia nitalipia kaburi lote mwenyewe, nao wamezidi kukasirika. Mdogo wangu wa kike hapokei simu zangu. Nakuwekea na wasifu niliouandika mimi, uliosomwa siku ya mazishi, uone kwamba sikumdharau mama. Nifanye nini?
Binti wa Kwanza, Dodoma

Mwanangu, pole sana kwa msiba. Barua yako nimeikata. Sehemu kubwa ilimhusu mdogo wako asiyepokea simu, na yeye siye anayekukosesha usingizi.

Wasifu nimeusoma kwa makini. Umeandika vizuri, kwa mpangilio, hadi aya ya pili: "Marehemu alijiunga na sekondari mwaka 1978 na kukatisha masomo mwaka uliofuata kwa sababu za kifamilia." Mstari unaofuata: "Mwaka 1980 alijaliwa mtoto wake wa kwanza."

Mwanangu, hizo sababu za kifamilia ni wewe.

Hukuniambia ulilijua lini, lakini nadhani ulilisikia ukiwa mdogo, jikoni au barazani, kwa bibi au jirani aliyesema mbele yako kwamba huyu ndiye aliyemtoa mama yake shule. Watu wazima hutamka mambo kama hayo juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba mtoto hasikii. Wewe ulisikia, na umelibeba hadi leo una watoto wako. Ndiyo maana umeandika miaka 16 "tu". Ndiyo maana hutaki neno "Muuguzi" juu ya kaburi: kwako ni kama hati ya mashtaka. Na ndiyo maana unataka kulipia saruji, vigae na fundi kutoka mfukoni mwako peke yako. Unalipa deni.

Hudaiwi. Mtoto aliye tumboni hana mkono wa kuandika barua ya kumfukuza mwanafunzi. Barua ile iliandikwa na watu wazima, kwa utaratibu wa watu wazima, na utaratibu wenyewe uliendelea muda mrefu baada ya mama yako. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili, na mimba ikahesabiwa humo. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana akishazaa harudi shule ya serikali. Mlango ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu, alipotangaza kwamba waliokatishwa masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi. Hesabu mwenyewe. Mama yako alitolewa darasani mwaka 1979, na ruhusa hiyo ilikuja akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Waliomchelewesha ni hao waliofunga mlango kwa miaka yote hiyo. Hasira yako ni halali, ielekeze huko.

Sasa nikugombeze, maana umefanya kosa, na umelifanya mbele ya kadamnasi. Umemwondolea mama yako sehemu ya maisha yake iliyomgharimu kuliko zote. Tangu kufukuzwa shule hadi kuingia chuo ni miaka 25, nawe umeipitisha kwa sentensi moja: "Katika kipindi hicho aliwalea watoto wake kwa upendo mkubwa." Lakini barua yako yenyewe inasema alikuwa mhudumu wa afya katika zahanati, akipiga deki na kuchemsha vifaa. Inasema alifanya mtihani wa maarifa (QT) akiwa mama wa watoto sita, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli Kemia, akarudia. Haya yote umenipa mimi nisiyemfahamu, waombolezaji hukuwapa.

Nimehudhuria misiba mingi na jambo hili huniuma kila mara. Akifa mwanamume, wasifu unataja shule, mwaka wa ajira, vyeo, vituo alivyohamishiwa, hata namba ya kikosi kama alikuwa askari. Akifa mwanamke tunaambiwa alikuwa mcheshi, mkarimu, mcha Mungu, alijinyima kwa ajili ya watoto. Kujinyima ni kweli, na wanawake hujinyima sana. Lakini mwanamke huwa na kitu anachokitaka kwa ajili ya nafsi yake, na akikipigania miaka 25 hadi akakipata, hapo ndipo unapomwona yeye mwenyewe. Mama anayesoma hawaibii watoto wake. Hata kama mama yako asingekuwa na ada ya kulipa wala mtoto wa kulisha, bado angetaka kuwa muuguzi. Kijana huota kazi hata kabla hajajua itamlipa nini. Mama yako aliota hivyo ukubwani, kila alipomaliza kupiga deki akasimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia.

Kuna mstari mmoja ulioupitia haraka mno. Umeandika kwamba wakati wa QT alikuwa akitumia "madaftari yangu ya zamani ya Baiolojia", na kwamba usiku ulikuwa ukishika daftari karibu na chemli unamuuliza sehemu za moyo, naye anajibu huku akikanda unga wa asubuhi, na akikosea anakuambia urudie swali. Umeiweka habari hiyo kwenye mabano. Itoe humo, mwanangu. Ulikuwa na miaka 18 au 19, umemaliza kidato cha nne, na mwandiko wako ndio aliosomea. Kama unasisitiza kuandika kwamba ulihusika na yeye kutoka shuleni, basi uwe mkweli uandike pia ni nani aliyekaa naye usiku akimrudisha. Mwenyewe angeona wewe ni mzigo, angekuchagua wewe umshikie daftari?

Kisha kuna yule binti wa msibani. Unasema alisimama akaeleza kwamba alijifungua akiwa na miaka 16 kwenye zamu ya usiku ya mama yako, akiwa peke yake, hana hata khanga ya kumpokelea mtoto. Mama yako hakumuuliza mwenye mimba ni nani. Alimpima, akasikiliza mapigo ya mtoto kwa kile kipembe cha mti, akamwambia bado, apumue, atamwambia saa ya kusukuma. Alfajiri akamfunga khanga yake mwenyewe. Unasema hapo uliinuka ukaenda nyuma ya nyumba.

Najua kwa nini uliinuka. Lakini ungekaa ungesikia jibu la swali ambalo hukupata ujasiri wa kumuuliza akiwa hai. Sote tunajua malalamiko ya wanawake kuhusu wodi za wazazi: kukemewa, kutukanwa, kuambiwa "ulipokuwa unaitafuta hukulia". Msichana wa miaka 16 ndiye hupata kali kuliko wote. Muuguzi huyu, mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga mkononi na uchovu wa usiku mzima mwilini, alimtazama yule mtoto mwenye mimba na hakumwona mkosaji. Mwanamke aliyemchukia mtoto wake wa kwanza, au aliyejutia kumzaa, hawezi kumpokea msichana wa namna ile kwa mikono ile.

Sisemi ilikuwa heri afukuzwe ili aje kuwa mkunga mwema. Haikuwa heri. Alinyang'anywa miaka yake, na ukisema angefika mbali nakubaliana nawe: huenda angekuwa matroni wa hospitali ya mkoa. Unaruhusiwa kulilia hilo. Usililie kama mshtakiwa.

Zungumza na mchungaji wako, na ukiona usingizi bado unakukimbia nenda hospitali ukaonane na mtaalamu wa ushauri nasaha. Kwa mdogo wako usitume ujumbe. Nenda kwake, kaa, mweleze ulichokisikia utotoni. Nina hakika hajui. Wadogo hawaambiwi mambo haya, na kwa miaka yote wanakuona dada mkali mwenye kutaka kila kitu kiende atakavyo.

Halafu kaa uandike wasifu upya, usomwe siku mtakapozindua kaburi. Andika kwamba mwaka 1979 alifukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito. Andika hivyo hivyo, hakuna aibu yake humo. Andika zahanati na deki, QT, Kemia aliyorudia, mwaka alioingia chuo, mwaka aliopata leseni, vituo alivyofanyia kazi, mwaka aliostaafu. Andika kwamba binti yake wa kwanza alimshikia daftari. Ukimpata yule binti wa msibani, mwalike, na safari hii usiinuke.

Juu ya kaburi paandikwe Muuguzi Mkunga. Wadogo zako wana haki. Na gharama usilipe peke yako: gawanyeni kwa sita, kila mtu atoe fungu lake, nawe utoe la kwako tu.