Kutoa Diski Iliyonasa Katika Laptopu



Katika sehemu hii ya Kiswahili huandikwa mara nyingi habari za mpira, za safari na za likizo. Leo naomba nafasi niandike somo dogo la ufundi. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilikosea mimi mwenyewe katika jambo hili, na kosa langu liliitia shule hasara. Ya pili ni kwamba wengi wetu tuna diski nyumbani, sidii na dividii, na baadhi yake zimebeba vitu visivyopatikana tena mahali pengine.

Jambo lililonifundisha

Mwaka nilipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, diski ya masomo ya Biolojia ilinasa katika laptopu mojawapo. Nilibonyeza kitufe, trei haikutoka. Nilibonyeza tena na tena, haikutoka. Wenzangu walikuwa wakingoja nyuma yangu, nami niliona haya kushindwa mbele yao. Nikaleta kisu kutoka jikoni, nikakipenyeza kwenye ufa wa trei, nikakikaza kama mtu afunguaye kopo. Trei ilitoka kweli, lakini ilitoka imepinda, na diski ilikuwa na mkwaruzo mrefu upande wa juu. Tangu siku ile diski haikusomeka, na trei haikujifunga tena. Shule ikabaki na laptopu moja tu yenye mahali pa kusomea diski.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa zamani alituletea diski yenye nyimbo 12 za kwaya ya shule, zilizorekodiwa mwaka 2005. Ndani yake imo sauti ya mwalimu aliyeifundisha kwaya ile kwa miaka mingi, naye sasa ni marehemu. Nakala nyingine haikuwapo. Tuliiweka katika ile laptopu iliyobaki, tukasikiliza wimbo mmoja, kisha tukasikia mlio wa kukwaruza, na mashine ikanyamaza. Nikabonyeza kitufe. Trei haikutoka.

Nilikwisha kunyosha mkono nishike ukingo wa trei, Mzee anayetunza maabara yetu akaniambia, "Kijana, ondoa mkono. Wajua trei hiyo inavyojifunga?"

Nikajibu, "Sijui, Mzee."

Akasema, "Basi utafunguaje kitu usichojua kilivyofungwa?"

Swali lile ndilo somo lote la makala haya. Na tulijibu pamoja, hatua kwa hatua.

Diski ni nini

Sidii ilianza kuuzwa mwaka 1982, nayo ni kazi ya makampuni mawili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Upana wake ni milimita 120, unene wake milimita 1.2, na tundu la katikati ni milimita 15. Sehemu kubwa ya unene huo ni plastiki angavu. Juu ya plastiki kuna utando mwembamba sana wa metali ung'aao kama kioo, na juu ya utando huo kuna rangi ya kuukinga. Kisha huja maandishi au lebo.

Habari zote zimeandikwa katika mstari mmoja uzungukao kama mkeka wa duara, ukianzia karibu na katikati na kwenda ukingoni. Katika sidii ya muziki ya dakika 74, mstari huo ukinyoshwa hupita kilomita 5. Mwanga wa leza hutoka chini, hupita katika plastiki, hugonga utando na kurudi; na jinsi unavyorudi ndivyo mashine inavyosoma.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Twadhani upande wa chini ung'aao ndio dhaifu, na upande wa lebo ni mgumu. Katika sidii mambo ni kinyume. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja kuikinga, bali juu kuna rangi tu. Ndiyo sababu kisu changu kiliiua ile diski ya Biolojia: kilipita upande wa juu, kikauchana utando wenyewe. Dividii, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, ina nafuu kidogo, kwa kuwa utando wake umewekwa katikati ya vipande viwili vya plastiki.

Jinsi trei inavyojifunga

Trei ya laptopu si kama ile ya kompyuta kubwa ya mezani. Katika kompyuta ya mezani mota huisukuma trei nje na kuirudisha ndani. Katika laptopu hakuna mota ya kazi hiyo. Trei huzuiliwa na komeo dogo, na nyuma yake kuna springi. Ubonyezapo kitufe, sumaku ya umeme huliachilia komeo, springi huisukuma trei kiasi cha upana wa kidole, kisha wewe huimalizia kuivuta kwa mkono.

Katikati ya trei kuna kitovu chenye meno madogo ambayo hulishika tundu la diski. Karibu na kitovu kuna lenzi, ambayo ni jicho la leza. Kitovu na lenzi vyote hutoka nje pamoja na trei, kwa hiyo trei ikiwa wazi usiiguse lenzi kwa kidole.

Sababu za kunasa

Mtu akifahamu hayo, sababu zenyewe hujieleza.

1. Hakuna umeme. Betri ikiisha, sumaku haina nguvu ya kuliachilia komeo.

2. Programu fulani bado yaisoma diski, na kompyuta haikubali kuitoa.

3. Diski haikukazwa vizuri kwenye kitovu. Ikianza kuzunguka huinuka na kugusa dari ya chumba chake.

4. Lebo ya karatasi imebanduka. Diski huzunguka kwa kasi, na ndani mna joto. Gundi hulegea na pembe ya karatasi huinuka.

5. Diski imepinda kwa jua au ina ufa, au vumbi limelizuia komeo.

Hatua za kuitoa

Anza na hatua nyepesi. Usiruke hatua hata moja kwa haraka, maana haraka haraka haina baraka.

Hatua ya kwanza: funga programu zote zinazoitumia diski. Kisha bonyeza kitufe cha trei mara moja, ungoje kidogo. Ikiwa haikutoka, tafuta picha ya diski katika kompyuta, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague neno Eject.

Hatua ya pili: zima kompyuta kabisa, uiwashe upya. Mara tu inapowaka, kabla haijaanza kazi zake, bonyeza kitufe cha trei. Wakati huo bado hakuna programu iliyoishika diski. Hakikisha umeme upo.

Hatua ya tatu ndiyo ya tundu. Tazama uso wa trei, karibu na kitufe chake. Katika nyingi utaona kitundu kidogo sana, chenye upana wa msumari mwembamba. Watu wengi hukaa na laptopu miaka mingi wasijue kazi yake. Kimewekwa na waundaji kwa ajili ya siku kama hii: nyuma yake kuna njia iendayo hadi kwenye komeo, ili lifunguliwe bila umeme.

Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Ngoja dakika moja ili diski iache kuzunguka. Chukua klipu ya karatasi, uinyoshe iwe kama sindano ndefu. Usitumie kijiti cha meno, kwa sababu hukatikia ndani. Iingize klipu moja kwa moja, bila kuipinda juu wala chini, mpaka uhisi imegusa kitu. Hapo sukuma kwa uthabiti. Utasikia mlio mdogo, na trei itachomoza.

Sisi tulifanya hivyo. Trei ilichomoza upana wa kidole, ikasimama. Nilitaka kuivuta, Mzee akanizuia tena. Alichungulia kwa tochi, akaona pembe ya lebo imeinuka na kukwama darini.

Hatua ya nne, trei ikichomoza kisha ikakwama: kata ukanda wa karatasi ngumu ya manila, mpana kama vidole viwili. Uingize taratibu juu ya diski, chini ya dari, ukiilaza diski chini. Kwa mkono wa pili vuta trei polepole. Ukihisi inagoma, acha, rudisha kidogo, ujaribu tena. Usitumie kisu wala bisibisi hapa. Chuma kitaikwaruza diski upande ule ulio dhaifu.

Kazi hiyo ilituchukua karibu nusu saa. Kisu changu cha mwaka ule kilichukua nusu dakika.

Hatua ya tano, ikiwa yote yameshindwa: katika laptopu nyingi chombo chote cha kusomea diski hushikwa na skrubu moja upande wa chini. Ondoa betri ikiwa yaondoleka, fungua skrubu hiyo, na chombo huteleza nje chote. Hapo mpelekee fundi chombo hicho, umwambie hatua ulizofuata.

Laptopu zisizo na trei

Ziko laptopu ambazo diski huingia katika ufa tu na kumezwa. Nyingi za Apple zilikuwa hivyo. Humo diski huvutwa na gurudumu dogo la mpira liendeshwalo na mota, na kwa kawaida hakuna kitundu. Kwa hizo za Apple, zima kompyuta, uiwashe huku umekishikilia kitufe cha mausi, usikiachie mpaka diski itoke. Ikishindikana, mpelekee fundi. Usiingize koleo wala kadi katika ufa huo. Wala usiingize humo diski ndogo ya sentimita 8, kwa kuwa haitarudi kwa urahisi.

Baada ya kutoka

Shikilia trei kwa chini, kwa kuwa ni nyembamba na huvunjika. Bonyeza kitovu kwa kidole kimoja na kuinua diski kwa ukingo wake. Ukiipangusa, tumia kitambaa laini na kwenda kutoka katikati kuelekea ukingoni, si kwa kuzunguka. Kwani mkwaruzo unaofuata mstari wa maandishi huharibu zaidi kuliko ule unaoukata.

Lebo iliyobanduka nusu usiibandue yote. Ikivutwa huweza kutoka pamoja na utando. Mzee alikata kwa mkasi ile pembe iliyoinuka tu. Kisha tukairudisha diski, tukaikaza kwenye kitovu mpaka ikalia, na kazi ya kwanza tuliyofanya, kabla ya kusikiliza chochote, ilikuwa kunakili. Nyimbo 11 zilipona. Wimbo wa mwisho, uliokuwa karibu na ukingo mahali lebo ilipobanduka, haukusomeka. Sauti ya mwalimu wetu imo katika zile zilizopona. Sasa nyimbo hizo ziko katika flashi mbili na katika kompyuta ya ofisi.

Ombi kwa wote

Laptopu mpya nyingi hazina tena mahali pa diski. Apple walitoa yao ya kwanza ya MacBook Air mwaka 2008 bila chombo hicho, na wengine wakafuata. Kwa hiyo njia ya kuzisoma diski zetu yazidi kuwa nyembamba kila mwaka. Ndugu zetu mliomaliza shule, ikiwa mna diski za harusi, za mazishi, za mahafali au za kwaya, zinakilini sasa wakati mashine bado zipo, na zile za shule mtuletee nakala.

Nanyi wenzangu wa vidato vya chini, siku trei itakapogoma na watu wakiwa nyuma yenu wanangoja, msione haya kusema, "Ngojeni kwanza niangalie." Mimi niliona haya kuyasema maneno hayo, na laptopu ile yenye trei iliyopinda bado iko juu ya kabati la chumba cha kompyuta.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkwaruzo wa upande wa lebo ni mbaya zaidi katika sidii kuliko katika dividii?

2. Eleza kwa nini trei ya laptopu haifunguki kwa kitufe betri ikiisha, na kitundu husaidiaje.

3. Kwa nini yapasa kungoja dakika moja baada ya kuzima kompyuta kabla ya kutumia klipu?

4. Trei imechomoza kidogo ikakwama. Taja mambo mawili utakayofanya, na moja ambalo hutafanya.