Kuunga Mfupa wa Ndama Uliovunjika

Ndama huweza kuvunjika mguu anapovutwa kwa nguvu wakati wa kuzaliwa. Ili mfupa uunge, kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake havina budi kutulizwa. Chini ya goti, plasta yatosha, na mara nyingi huondolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Mvunjiko wa paja ni tofauti, kwa kuwa nyonga haifungiki kwa plasta. Hapo daktari wa mifugo humlaza ndama kwa dawa ya usingizi, akampasua, kisha akapitisha vyuma ndani ya uwazi wa uboho au akakaza bamba kwa skrubu. Mifupa michanga huunga upesi, lakini ni laini, hivyo skrubu huweza kulegea. Tena ndama asiyenyweshwa dang'a mapema hukosa kinga. Jeraha likioza, kazi yote hupotea.