SOMO: Rubani, Mwajiri na Mwamuzi

Lengo la somo: Msomaji aweze kutofautisha usuluhishi na uamuzi, na kila kikundi kiweze kukubaliana juu ya mwamuzi kabla ugomvi haujaanza.



Hapa Uvira, na kando ya ziwa hadi Baraka, familia nyingi zilizohamishwa na vita, pamoja na zile zilizopoteza nyumba katika mafuriko ya Aprili 2020, zinaishi kwa kazi za mikono. Wengine wanalima mashamba ya watu katika bonde la Ruzizi. Wengine wanabeba mizigo kwenye bandari ya Kalundu. Wengine wanaingia ziwani usiku kuvua ndagala. Kazi hizi mara nyingi hazina karatasi. Siku ya malipo inapofika, mwenye shamba anasema tulipatana hivi, mfanyakazi anasema tulipatana vile. Tena mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni, au wametoka makabila mawili. Hapo ugomvi wa franka chache unageuka upesi kuwa ugomvi wa jamii nzima. Ndiyo sababu jarida la amani linazungumzia mikataba ya kazi.

Tutajifunza kutoka kwa watu wasiofanana nasi: marubani wa ndege. Wao wana mishahara mizuri, mawakili na mikataba iliyoandikwa. Hata hivyo wanagombana na waajiri wao, na wanaoumia kwanza ni abiria. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

1. Yaliyotokea Nairobi mwaka 2022

Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulisimamisha ndege duniani kote. Kampuni ya Kenya Airways ilipunguza malipo ya wafanyakazi na kuacha kuchangia mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Miaka miwili baadaye ndege zilikuwa zinaruka tena. Chama cha marubani, KALPA, kilidai michango irudishwe na mishahara iliyozuiwa ilipwe. Kampuni ilijibu kwamba bado iko katika hasara.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilitoa amri ya kusimamisha mgomo. Lakini Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022 marubani waligoma. Walikuwa kama 400 tu, lakini bila wao hakuna ndege inayoruka. Maelfu ya abiria walikwama. Kampuni ilikadiria hasara ya shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku, kisha ikatangaza kwamba itajiondoa katika makubaliano yake na chama. Kwa siku tatu kila upande ulizidi kukaza kamba.

Tarehe 8 Novemba Jaji Anna Mwaure aliamuru marubani warudi kazini kesho yake saa 12 asubuhi bila masharti, na kampuni iwaache wafanye kazi bila kuwasumbua. Wakarudi.

Tuangalie vizuri. Amri ya jaji ilirudisha ndege angani, lakini haikujibu swali la akiba ya uzeeni. Kusimamisha ugomvi ni jambo moja, kuumaliza ni jambo lingine. Sisi wa Kivu tunajua tofauti hiyo: kunyamaza kwa bunduki si amani bado.

2. Usuluhishi na uamuzi

Msuluhishi anawakalisha watu pamoja, anasikiliza, anasaidia, lakini hakati shauri. Wenye ugomvi wenyewe ndio wanaopatana. Mwamuzi anasikiliza pande zote mbili, kisha anakata shauri, na pande zote zinafuata hata kama hazikufurahi. Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, imeyaweka mambo haya mawili katika jina moja: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko usuluhishi hutangulia na hupewa siku 30. Ukishindikana, ndipo shauri linaendelea mbele.

Kwetu Kongo, Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina utaratibu wa namna hiyo. Ugomvi wa wafanyakazi wengi unaanzia kwa Inspekta wa Kazi, ambaye anajaribu kuwapatanisha. Akishindwa, unakwenda kwenye tume ya usuluhishi. Mgomo unaruhusiwa tu baada ya njia hizo kumalizika. Mfanyakazi mmoja naye anapita kwanza kwa Inspekta kabla ya kufika mahakamani. Sheria hiyo inasema pia kwamba mtu wa kazi ya siku aliyekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Wengi hawaijui haki hii.

3. Mwamuzi wa Kanada

Mwaka 2012 marubani wa Air Canada na kampuni yao walishindwa kupatana. Mwezi wa Machi bunge lilipitisha sheria ya kuzuia mgomo na kupeleka shauri kwa mwamuzi. Lakini mwamuzi huyo hakuruhusiwa kukata katikati. Kila upande ulileta pendekezo lake la mwisho, naye alitakiwa kuchagua moja zima. Mwezi wa Julai mwamuzi, Douglas Stanley, alichagua la kampuni.

Kwa nini kufanya hivyo? Fikirini mfanyakazi anadai franka 6.000 na mwenye shamba anatoa 2.000. Wakijua kwamba mwamuzi atagawanya katikati, mmoja atadai 10.000 na mwingine atatoa 500. Wakijua kwamba atachagua moja tu, kila mmoja anaogopa kuonekana mkaidi, na wote wanasogea karibu. Mara nyingine wanapatana hata kabla mwamuzi hajasema neno.

Lakini njia hii ina ubaya wake. Marubani wale hawakuichagua. Waliwekewa na bunge. Mtu aliyelazimishwa kwa mwamuzi anaweza kutii kwa mikono huku moyo wake unakataa. Ndiyo maana wakati mzuri wa kumchagua mwamuzi ni siku ya kupatana kazi, watu wakiwa bado wanacheka pamoja.

4. Tufanye nini kwetu

Kwanza, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha: kazi gani, kipimo cha shamba, malipo kiasi gani, siku gani, mashahidi wawili. Wavuvi waandike jambo linaloleta makelele kila mwezi: mafuta ya mota na gharama za taa zinatolewa kabla ya kugawanya mapato, au zinatoka katika fungu la mwenye chombo?

Pili, chagueni waamuzi watatu. Mwenye kazi anamchagua mmoja, wafanyakazi mmoja, na hao wawili wanamchagua wa tatu. Mkuu wa kartie ambaye ni ndugu ya mwenye shamba asikae peke yake. Wahenga walisema: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kama wafanyakazi ni wanawake, na katika mashamba mara nyingi ni wanawake, mwamuzi wao awe mtu ambaye wanaweza kusema mbele yake bila woga.

Tatu, wekeni muda. Siku tatu za kuzungumza wenyewe, siku saba za waamuzi. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja miezi.

Nne, waamuzi waseme sababu zao mbele ya wote, na wasipokee chakula, bia wala pesa kutoka upande mmoja.

Tano, jueni mpaka. Ubakaji na mauaji si mambo ya waamuzi hawa. Hayo yapelekwe mbele ya sheria.

Viongozi wapendwa, marubani wa Nairobi walikuwa na mkataba, mahakama na mawakili, na bado ndege zilisimama siku nne. Karatasi peke yake haikuwatosha. Imani kwa mwamuzi inajengwa katika mashauri madogo: ndoo ya mihogo, siku mbili za kulima, fungu la ndagala. Jamii inayomaliza hayo kwa haki itakuwa na mahali pa kukaa siku ugomvi mkubwa utakapofika.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa au kambi yenu, ni ugomvi gani wa kazi unaorudi mara kwa mara? Unaanzia wapi?
2. Jaji aliwarudisha marubani kazini. Ni jambo gani lilibaki bila jibu? Toeni mfano wa namna hiyo kwenu.
3. Kama mngechagua waamuzi watatu leo, wenyeji na wageni wangekubaliana juu ya nani? Kwa nini?
4. Ni nani asiyepata nafasi ya kusema katika baraza lenu? Mtafanya nini ili asikilizwe?