Mchumba Katika Nyumba ya Wachawi

Somo letu la utungaji leo ni hadithi ya mapenzi yenye kuchekesha, tena ya nyumba ambayo bibi, mama, shangazi na binti wote wasemwa kuwa ni wachawi. Msicheke kabla ya wakati. Kazi hii ni ngumu kuliko mnavyodhani.

Tuanze na maneno, maana mtungaji asiyejua maneno yake hutukana watu bila kukusudia. Kiswahili chamtenga mchawi, mwenye kudhuru, na mganga, mwenye kutibu. Mwanga ni yule asemwaye kuzunguka usiku milangoni mwa watu. Mlozi ni mwenye kuloga. Litazameni vema neno hili la mwisho. Pale Kiswahili kisemapo kula, kulima na kulala, Kirundi husema kurya, kurima na kurara. Basi kuloga na kuroga ni neno moja lililovaa nguo mbili. Lakini umurozi wa Kirundi ana mzigo zaidi: huitwa hivyo mwenye kudhuru kwa uchawi, na pia mwenye kutia sumu katika chakula au kinywaji. Kwa hiyo hofu yetu hukaa hasa katika kikombe na sahani. Desturi ya kale mnaijua: mwenye nyumba huonja pombe kwanza, ndipo humpa mgeni. Ni ukarimu, tena ni kiapo kisicho na maneno.

Na dawa ya kuvuta mapenzi je? Kwa Kirundi twaiita inzaratsi. Wenzetu wa Tanzania husema limbwata, nao hudai kwamba mke humtilia mume katika chakula. Mwaona? Sumu na mapenzi hupita njia moja.

Hapo ndipo hadithi yetu ipatapo kuzaliwa. Tuiweke hapa Bujumbura, katika mtaa kama Buyenzi, ambako nyumba zimeshikana na kila mtu ajua jirani yake amepika nini. Kijana fundi wa magari ampenda binti wa nyumba ile. Jirani mmoja, mama mwenye ulimi mrefu, amwita pembeni: "Mwanangu, huko usile kitu." Kijana aenda. Aletewa ugali na samaki, mukeke mnono wa ziwani aliyekaangwa vizuri. Bibi, ambaye amezoea kushukiwa miaka yote, anyosha mkono aonje kwanza, kama apasavyo. Kijana aivuta sahani na kuanza kula kabla bibi hajaonja.

Simameni hapa kidogo. Kijana hakusema "nakupenda". Hakuandika barua yenye maua pembeni, kama zile ambazo baadhi yenu huzificha ndani ya daftari la hesabu. Alikula tu. Lakini kila msomaji wa nchi hii ameelewa, na bibi ameelewa zaidi ya wote. Mtungaji akipata tendo kama hilo katika desturi za kwao, hana haja ya kurasa kumi za machozi.

Kichekesho sasa. Shangazi, asiyejua kwamba kijana amekwisha kupenda, atia inzaratsi katika chai ya mgeni. Jirani aingia kupeleleza, kwa tamaa akinyakua kikombe kile na kukinywa chote. Tangu siku hiyo haondoki mlangoni pa bibi: amfagilia ua, amtekea maji, amsifu sokoni. Uchawi katika hadithi waweza kuwa wa kweli kabisa, sikatazi. Ila tazameni kicheko kimemwangukia nani.

Jambo hili si dogo. Nyumba ikishapewa jina la wachawi, mabinti wake hukaa bila kuposwa, na vijana wake wakienda kuposa hujibiwa, "Tutafikiri." Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilivuka njia kila siku ili nisipite mlangoni pa bibi mmoja, na sikupata kujua alikuwa na kosa gani. Na kwingine hali ni mbaya zaidi ya kuepukwa. Huko Tanzania, katika sehemu za Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, kwa kupika miaka hamsini.

Mtauliza, mbona Wamarekani hucheka? Wana hadithi nyingi za namna hii. Mwaka 1964 televisheni yao ilianza kuonyesha mchezo uitwao Bewitched, wa mke mchawi aliyeolewa na mtu wa kawaida, ukaendelea hadi 1972. Mwaka 1995 Alice Hoffman alitoa kitabu Practical Magic, cha ukoo wa wanawake wachawi ambao laana huwaandama wanaume wanaowapenda. Lakini Wamarekani hao pia walikuwa na mji wa Salem, ambako kesi za uchawi za mwaka 1692 zilipeleka watu 19 kitanzini. Mwaka 2005 ikasimamishwa huko Salem sanamu ya yule mke mchawi wa televisheni, ameketi akitabasamu, na baadhi ya wenyeji walinung'unika. Kati ya kitanzi na sanamu ni miaka 313. Sisi hatujapata nafasi kubwa hivyo. Bibi wa hadithi yetu aweza kuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenu, na kitabu chako chaweza kumfikia.

Wazee walituachia methali: mchawi mpe mwana akulelee. Maana yake, unayemshuku ukimkabidhi kilicho chako, atakilinda asije akalaumiwa. Kijana wetu alifanya zaidi, maana yeye alijikabidhi mwenyewe.

Zoezi. Andikeni sura ya harusi, kurasa mbili. Neno "mchawi" lisitoke kinywani mwa mtungaji hata mara moja; likitoka, liwe kinywani mwa mtu wa hadithi, na msomaji ajue mtu huyo aogopa nini au ataka nini. Jirani apewe kazi ya kuonja vyakula vyote vya karamu. Na ninyi mliokwisha kumaliza masomo, mlioko Uvira, Kigoma na kwingineko, kama kwenu inzaratsi ina jina jingine, tuandikieni tuliongeze katika orodha yetu.