SOMO LA BIOLOJIA: FUNDI ALIYEFUNGIWA MLANGO
(Jeni BRCA1 na kansere ya ziwa isiyo ya urithi)



Muhula uliopita dada mmoja wa shule yetu alifiwa na mama yake kwa kansere ya ziwa. Mama yule aligusa uvimbe mapema, lakini alinyamaza zaidi ya mwaka. Juu ya nini? Watu wa mtaa walikuwa wakisema kansere ni ya damu ya ukoo, naye aliogopa binti zake wasikose kuolewa. Alipofika kwa munganga, alikuwa amechelewa. Kisha dada huyu aliuliza darasani: «Na mimi, nimekwisha kuirithi?» Sisi wa mwaka wa mwisho tulikaa kimya. Leo tunajaribu kumjibu.

1. BRCA1 ni nini?

Ndani ya seli zetu mna maandishi yanayoitwa ADN, yamepangwa katika kromozomu 46. Jeni ni kipande cha maandishi hayo, kinachoeleza namna ya kutengeneza protini fulani. Kila siku ADN inaharibika hapa na pale, hata kwa mtu mwenye afya. Kwa hiyo seli iko na mafundi wake. Fundi mmoja ni protini ya jeni BRCA1, iliyo kwenye kromozomu ya 17. Kazi yake ni kusaidia kuunga ADN iliyokatika. Ndiyo maana BRCA1 inahesabiwa kati ya jeni za kuzuia uvimbe. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani na wenzake walionyesha mahali ilipo. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana.

2. Kurithi maana yake nini?

Kila mtu iko na nakala mbili za BRCA1: moja ya baba, moja ya mama. Fikirini garaji hapa Fungurume, kando ya barabara ya Kolwezi, yenye mafundi wawili. Mmoja akikosa, kamyo zinaendelea kutengenezwa. Wote wawili wakikosa, kamyo zinatoka na freni mbovu. Basi, aliyerithi nakala mbovu amezaliwa na fundi mmoja tu. Akipotea huyo, garaji haina mtu. Lakini katika kansere za ziwa 100, zinazotokana na jeni mbovu ya kurithi ni 5 mpaka 10 hivi tu.

3. Na hizo nyingine, 90 na zaidi?

Wataalamu walidhani watakuta BRCA1 imevunjika humo pia. Wakatafuta, mara chache tu waliiona imevunjika. Baadaye wakagundua jambo lingine. Katika sehemu ndogo ya kansere hizo maandishi ya BRCA1 ni mazima kabisa, lakini seli haiyasomi! Vikundi vidogo vya metili (kaboni 1 na hidrojeni 3, kumbukeni somo la kemia) vimejishika mwanzoni mwa jeni, kama kadena mlangoni. Fundi angeweza kufanya kazi, lakini amefungiwa. Nakala ya pili nayo mara nyingi imepotea. Hapo makosa yanalundikana, na jeni nyingine za ulinzi, kama TP53, zinaharibika. Mwishowe seli moja inazaana bila freni.

Tusikosee: si kansere zote zisizo za urithi zinapita njia hii. Lakini zote zinafanana kwa jambo moja: ubovu ulitokea katika seli za ziwa wakati wa maisha ya mtu mwenyewe. Bibi hakuuacha kama urithi, wala jirani hakuutuma kwa uchawi.

4. Jibu letu kwa dada

Dada, hatutakudanganya. Mtu ambaye mama yake aliugua iko na hatari zaidi kuliko wengine, na hatari inazidi kama jamaa wengi waliugua wakiwa vijana. Umwambie munganga habari hiyo. Lakini wengi ambao mama zao waliugua hawaugui wenyewe. Ukoo wako hauna laana.

Na ninyi wote, mufikishe neno hili nyumbani. Uvimbe katika ziwa, hata usiouma. Ngozi inayovutwa ndani. Chuchu inayorudi ndani au kutoa damu: kwenda hospitali juma hilohilo. Vimbe nyingi si kansere, lakini jicho haliwezi kutambua. Lazima kipande kipimwe kwa mikroskopu. Wanaume nao wanaugua, ingawa ni wachache. Mwaka 2022 kansere hii iliua watu 670 000 hivi duniani. Ikionekana mapema, inaweza kupona. Yule mama alinyamaza ili kulinda binti zake. Haya ndiyo hatukujua kumwambia.

Maswali
1. Nakala ya BRCA1 iliyovunjika na ile iliyofungwa zina tofauti gani?
2. Kwa nini fundi mmoja anatosha?
3. Utamjibu nini anayesema «kansere ni ya ukoo»?

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho