Maarifa ya Nyumbani: Kupika kwa Asali na Lavenda

Wahenga walisema kwamba chovya-chovya humaliza buyu la asali. Methali hiyo yamwonya mlafi, lakini yamfaa mpishi pia. Asali ikitiwa kwa kipimo, huupa mkate na nyama ladha njema. Ikitiwa bila kipimo, huunguza keki na kufunika ladha ya vyakula vingine. Na ikitiwa kinywani mwa mtoto mchanga, yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Somo hili laeleza namna ya kuitumia asali pamoja na maua ya lavenda, na mahali ambapo haifai kutumiwa hata tone moja.

Asali safi

Nyuki hukusanya maji matamu ya maua, kisha huyapunguza unyevu mzingani mpaka yawe mazito. Asali iliyoiva ina maji kiasi cha sehemu 17 au 18 katika kila sehemu 100, na karibu sehemu zote zilizobaki ni sukari. Kwa kuwa maji yake ni machache, vijidudu vingi haviwezi kustawi ndani yake, nayo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini asali hufyonza unyevu wa hewa, na maji yakizidi sehemu 20 katika 100, yaweza kuchacha. Kwa hiyo yapasa chombo chake kifungwe barabara, na kijiko chenye maji kisichovywe ndani.

Asali ya mizinga ya magogo, kama ile itumikayo tangu zamani Ukambani na Baringo, mara nyingi huja pamoja na vipande vya masega, nta, na pengine majana ya nyuki. Masega yenye majana hutengwa kwanza. Mengine hupondwa, huwekwa juu ya kitambaa safi, na asali huachwa ichuruzike yenyewe mahali penye joto. Wako watu wayachemshao masega ili kazi iishe upesi, lakini moto mkali huiondolea asali harufu ya maua na kuitia weusi. Asali iliyoganda nayo haijaharibika. Chupa yake ikisimamishwa katika maji ya vuguvugu, itayeyuka polepole.

Lavenda ni mmea gani?

Lavenda ni kijiti cha maua ya zambarau, cha jamii moja na nanaa, rehani na rosmari. Asili yake ni nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania. Katika jimbo la Provence, kusini mwa Ufaransa, mashamba yake huchanua miezi ya Juni na Julai, na wafugaji hupeleka mizinga huko ili nyuki wapate maua hayo. Asali wanayoitengeneza yaitwa asali ya lavenda. Yule aliye mbali na mashamba hayo aweza kuipa asali ya kwao harufu ya namna hiyo kwa kuiloweka maua.

Mmea huu hupenda jua jingi na udongo usiotuamisha maji. Aina ifaayo zaidi kwa chakula ni ile ya Kiingereza, iitwayo kwa jina la kitaalamu Lavandula angustifolia. Aina nyingine zina harufu kali ya kafuri, nazo hukifanya chakula kiwe kichungu. Maua yaliyopuliziwa dawa ya wadudu hayafai kuliwa. Wala mafuta ya lavenda yauzwayo katika vichupa kwa ajili ya manukato hayapasi kutiwa chunguni. Nyumba isiyo na lavenda yaweza kutumia majani makavu ya nanaa au mchaichai kwa njia hiyo hiyo.

Kuitia asali harufu

Kwa kikombe kimoja cha asali, kijiko kimoja cha mezani cha maua makavu chatosha. Maua mabichi hayafai kwa kazi hii, kwa maana maji yaliyomo huweza kuichachisha asali. Bakuli la asali na maua husimamishwa juu ya maji ya moto kwa dakika 15, bila kuchemka. Kisha hufunikwa kwa siku tatu, na mpishi huonja kila siku. Harufu ikimtosha, huchuja. Akiyaacha maua muda mrefu mno, chakula kitanukia kama sabuni, na hakuna dawa ya kosa hilo.

Keki ya asali

Mahitaji yake ni vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, nusu kikombe cha siagi, mayai 2, nusu kikombe cha maziwa, na robo tatu ya kikombe cha asali iliyochujwa. Kama ingekuwa sukari, kingehitajika kikombe kizima. Lakini asali ni tamu zaidi. Tena, kwa kuwa asali ina maji yake, maziwa yamepunguzwa robo kikombe.

Siagi na asali hupigwa pamoja, mayai huongezwa moja moja, kisha unga uliochanganywa na beking pauda hutiwa kwa zamu na maziwa. Keki ya asali hubadilika rangi upesi kuliko ya sukari. Mwenye joko na alipunguze joto kutoka nyuzi 180 hadi 160. Aokaye kwa sufuria na aweke makaa machache juu ya kifuniko, la sivyo keki itaungua juu ilhali ndani ni mbichi. Hali kadhalika, kuku wa kuchoma hupakwa asali katika dakika 10 za mwisho, si mwanzoni.

Hadhari kwa mtoto mchanga

Katika nyumba nyingi mtoto akizaliwa, bibi huja kumtazama na kumlambisha asali kwa upendo. Nia yake ni njema, lakini tendo hilo lina hatari. Mtoto asiyetimiza miezi 12 hapasi kupewa asali, wala chakula kilichopikwa kwa asali.

Asali safi kabisa yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzizuia zisiote. Tumbo la mtoto mchanga halijapata nguvu hiyo. Mbegu huota humo na kutoa sumu ilegezayo viungo. Ugonjwa huu wa watoto ulitambuliwa na waganga wa Marekani mwaka 1976. Kuchemsha hakusaidii, maana mbegu hizo hustahimili maji yachemkayo. Mjini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; ili mbegu hizo zife upesi, zahitajiwa nyuzi 121 katika mvuke wenye shinikizo.

Dalili zake ni kufunga choo, kulia kwa sauti dhaifu, kushindwa kunyonya, kope kulegea na shingo kukosa nguvu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, kwani sumu yaweza kumzuia kupumua. Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama yamtosha.

Watu wazima nao wakumbuke kwamba asali ni sukari. Mgonjwa wa kisukari asidhani kwamba yeye ameruhusiwa kuila apendavyo kwa kuwa imetoka kwa nyuki.

Basi buyu la asali likae juu, mbali na mikono ya watoto, na bibi ajapo kumtazama mjukuu, aelezwe kwa adabu sababu yake. Keki yake ataikuta mezani.

Maswali

1. Kwa nini maua mabichi hayafai kulowekwa katika asali?
2. Kikombe kimoja cha sukari hubadilishwa kwa asali kiasi gani, na maziwa hupunguzwa kwa nini?
3. Kwa nini kuchemsha asali hakuifanyi iwe salama kwa mtoto wa miezi mitatu?